Diski ya Zamani Si Takataka

Mwezi wa Novemba mwaka 2025 binti yangu aliniletea laptopu mpya kutoka Dar es Salaam. Aliiweka juu ya meza ya sebuleni, hapa nyumbani kwetu Soweto, Moshi, akaifunua taratibu kama mtu anayefunua sahani ya pilau mbele ya mgeni, kisha akasema: “Baba, hiyo mashine yako ya zamani sasa tuitupe.” Nilimjibu neno moja tu: “Hapana.” Alidhani ni ukaidi wa uzee. Haya niyaandikayo ni lile jibu refu ambalo jioni ile sikuweza kumpa, kwa sababu mtu akiwa na uchungu maneno yake huwa mafupi.

Ndugu msomaji, niseme wazi tangu mwanzo ninagombana na nani. Ninagombana na fundi anayepiga Windows mpya kabla ya kuuliza ndani ya mashine kuna nini. Ninagombana na muuzaji anayepokea mashine kuukuu pamoja na siri za mwenyewe. Ninagombana na viwanda vinavyotengeneza mashine isiyofunguka. Na kuliko wote, ninagombana na sisi wenye mali, mimi nikiwa wa kwanza, ambao tunaijua bei ya sanduku na hatuijui thamani ya kilichomo.

Laptopu yangu ya kwanza niliinunua Kariakoo mwaka 2012, ikiwa imekwisha kutumika Ulaya. Nilipoiwasha nyumbani nilikuta ndani yake picha za familia nisiyoijua: watoto wawili wa Kizungu wakicheza kwenye theluji, bibi kizee akikata keki, mbwa mweusi amelala juu ya zulia. Mke wangu aliziangalia, akauliza: “Hawa watu wanajua kwamba wako sebuleni kwetu?” Tulicheka. Nikazifuta zote siku ileile ili nipate nafasi. Sikujiuliza kama huko walikotoka yupo mtu aliyekuwa akizitafuta.

Mwaka uliofuata baba yangu alifariki. Tulimzika Kibosho, katika kihamba chake, kati ya migomba na kahawa. Mpwa wangu alipiga picha za msiba wote, tangu mwili ulipofika hadi shada la mwisho lilipowekwa, na kwa kuwa simu yake ilikuwa imejaa, picha zote akaziingiza katika laptopu yangu. Mwaka 2014 mashine ikawa nzito, kila kitu kinakwenda kwa kusuasua. Nikaipeleka kwa fundi mmoja mjini, kijana mwenye adabu zake. “Shikamoo mwalimu,” akaniambia, “hii inataka kupigwa Windows tu. Njoo saa kumi.” Saa kumi nilikwenda, nikalipa shilingi elfu kumi na tano, nikarudi na mashine nyepesi kama unyoya. Ilikuwa nyepesi kwelikweli, maana haikuwa na kitu ndani.

Nilipanda Kibosho kumweleza mama. Alinyamaza kitambo, huku akiendelea kumenya ndizi. Kisha akasema: “Kwa hiyo baba yako tumemzika mara mbili.”

Neno lile limenikaa rohoni hadi leo. Nimelitafakari sana, na nimeona kwamba fundi yule hakuniibia wala hakukusudia ubaya. Aliniuliza swali moja tu, kama nina haraka, nami nikamjibu kwamba ninayo. Yeye alifanya alichoagizwa na desturi ya kazi yake, nami nilifanya alichoagizwa mteja na desturi ya ujinga wake. Tukakutana hapo katikati, na aliyepotea akawa baba.

Miaka kadhaa baadaye nilielezwa jambo ambalo lilinizidishia uchungu. Diski ya aina ile ya kuzunguka, ikifomatiwa kwa haraka kama mafundi wengi wanavyofanya, haifutwi papo hapo. Ni kama kitabu kilichochanwa ukurasa wa yaliyomo: sura zote bado zimo, ila hakuna anayejua ilipo ipi. Kinachoziua ni maandishi mapya yanayoandikwa juu yake. Windows mpya ilikuwa imekwisha kukanyaga sehemu fulani, hilo ni kweli. Lakini kama jioni ile ningeizima mashine na kumtafuta mtaalamu wa kufufua mafaili, huenda sehemu kubwa ya picha zile ingeokoka. Mimi niliendelea kuitumia miezi na miezi, nikiandika mitihani ya kidato cha pili juu ya kaburi la baba yangu, nisijue ninachokifanya.

Basi mwaka 2015 nilianza kumrekodi mama. Nilinunua kinasa sauti kidogo, nikawa napanda Kibosho Jumamosi baada ya Jumamosi. Tulikaa jikoni, moto ukiwaka, na katika rekodi hizo kuni zinasikika zikilia. Alizungumza kwa Kichagga cha kwao, Kichagga ambacho wajukuu zake wanakisikia kama watu wanavyosikia mvua: wanajua inanyesha, hawajui inasema nini. Alieleza mipaka ya kihamba, masale yalipopandwa na aliyeyapanda, mfongo wa maji ulikopita kabla haujahamishwa, na zamu za maji zilivyogawanywa. Alitaja ukoo, nani alimwoa nani, na watoto waliokufa wachanga ambao majina yao hayakuandikwa katika kitabu chochote cha serikali wala cha kanisa. Tulipata mafaili 23. Mama alifariki mwaka 2018. Mafaili yale yakabaki mahali pamoja tu duniani: ndani ya laptopu ileile.

Hapo unaweza kuniuliza, baada ya funzo la mwaka 2014, ilikuwaje nikarudia kosa? Swali la haki. Jibu langu ni kwamba binadamu hujifunza kwa uchungu, lakini uchungu ukipoa husahau. Niliazimia kununua diski ya pili. Kila mwezi likatokea jambo la haraka zaidi: karo, bati, dawa, mchango wa harusi. Diski ya pili haina harusi wala msiba, haikuchangishi, haikudai. Inakungoja kimya, hadi siku ambayo inakuwa umechelewa.

Siku hiyo ilinikaribia mwaka 2025. Mashine ilianza kutoa mlio wa tik, tik, tik, kama saa ya ukutani iliyokwama. Mpwa wangu, yule wa picha, alinionya kwamba diski iko mahututi. Kadhalika tarehe 14 Oktoba mwaka huo Microsoft ilikomesha utunzaji wa kawaida wa Windows 10, na mashine yangu, kwa uzee wake, haikuwa na sifa za kupokea Windows 11. Nikaenda kwa fundi mwingine, mbali kabisa na yule wa kwanza. Akaisikiliza, akaiweka mezani, akatamka maneno yaleyale, kana kwamba mafundi wote walifundishwa darasa moja: “Mzee, tuweke diski mpya, tupige Windows, mambo yanaisha.” Nikamuuliza: “Na vilivyomo?” Akasema: “Kwani kuna kitu cha maana?”

Hilo ndilo swali ninalopigana nalo. Fundi wa saa huuliza kama saa ni ya urithi. Fundi cherehani hupima nguo mara mbili kabla ya kuikata mara moja. Mchimba kaburi huuliza mipaka. Kwa nini fundi wa kompyuta, anayeshika mikononi mwake picha, barua, sauti, hesabu na hati za watu, aanze kwa kudhani kwamba ndani hamna cha maana? Najua watajitetea. Watasema mteja anataka mashine yake leo, tena kwa bei ya chini, na kunakili vitu vya mteja kunachukua saa nyingi zisizolipwa. Ni kweli. Lakini kuuliza hakuchukui saa nyingi. Kusema “mzee, nenda kwanza kanakili vitu vyako, urudi kesho” hakugharimu shilingi. Na mteja mwenye akili, akiambiwa kwamba kunakili kuna malipo yake, atalipa. Mimi ningelipa mara ishirini ya zile elfu kumi na tano.

Wauzaji nao wana lao. Dukani alikonunua binti yangu walimwambia kwamba mashine ya zamani wangeipokea na kumpunguzia bei. Msomaji, fikiri ni nini hasa kinachopokewa hapo. Katika mashine yangu mlikuwa na alama za wanafunzi wangu wa miaka mingi, barua za siri kuhusu wasichana wawili waliopata matatizo shuleni, nakala ya kitambulisho changu, na namba za akaunti ya benki. Muuguzi ana majina ya wagonjwa. Mhasibu wa jumuiya ana orodha ya walioahidi na hawakutoa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na tunayo tume ya kuisimamia. Lakini sheria haitakwenda kuchungulia sanduku unalokabidhi dukani. Familia ile ya Kizungu yenye mbwa mweusi, nina hakika, ilipewa punguzo zuri.

Nisiwaonee mafundi na wauzaji wetu peke yao. Wakubwa zaidi wako mbali. Zamani laptopu ilikuwa na skrubu chini. Unachukua bisibisi, unafungua kifuniko, unachomoa diski, unaichomeka kwenye mashine nyingine, na mali yako unaiona. Siku hizi nyingi zinatengenezwa na hifadhi iliyochomelewa kwenye ubao mkuu. Laptopu za Apple zimekuwa hivyo kwa miaka mingi sasa, na wengine wamefuata. Ubao ukiungua, kumbukumbu zako zimeungua nao. Wanasema ni kwa ajili ya wembamba na wepesi. Mimi sijawahi kumwona mtu wa Moshi aliyelalamika kwamba laptopu yake ni nene. Nimewaona wengi wanaolia kwamba haifunguki.

Kisha kuna kufuli. Laptopu nyingi mpya za Windows 11, mwenyewe akijisajili kwa akaunti ya Microsoft, huifunga diski zenyewe kwa maandishi ya siri, na ufunguo wake ni tarakimu 48 zinazowekwa katika akaunti hiyo. Sipingi kufuli. Mwizi akiondoka na mashine, ni heri asisome barua zangu. Ninachopinga ni mtu kufungiwa nyumba yake asiambiwe kwamba imefungwa, wala ufunguo uko wapi. Nenda ukawaulize watu kumi wenye laptopu mpya kama wanazijua tarakimu zao 48. Siku ubao utakapoharibika na diski itakapochomekwa kwingine, ndipo watakapokutana na kile kioo cha buluu kinachodai ufunguo. Wa kwangu nimeuandika kwenye karatasi, nikauweka pamoja na hati ya kihamba. Ufunguo wa nyumba hukaa na hati ya nyumba.

Watatokea vijana waniambie: “Mzee, unahangaika bure, weka vitu vyako mawinguni.” Hoja hiyo nimeipima. Google inakupa gigabaiti 15 bure. Zangu zilikuwa 180. Zilizozidi unazilipia kila mwezi, na kuzipandisha ni vifurushi juu ya vifurushi. Lakini tuseme fedha ipo. Tangu Desemba 2023 Google ina utaratibu wa kufuta akaunti binafsi ambazo hazikuguswa kwa miaka miwili. Maana yake ni kwamba mtu akifa na familia isijue neno lake la siri, miaka miwili baadaye kumbukumbu zake zinaweza kumfuata. Kwetu miaka miwili baada ya msiba watu bado wanagawana vyombo. Mawingu ni mahali pazuri pa kuweka nakala moja. Ila anayeweka kila kitu huko ajue kwamba amepanga nyumba, hajajenga.

Wala tusidhani ni maradhi ya watu maskini. Mwaka 1986 Waingereza walifanya kazi kubwa ya kuadhimisha miaka 900 ya kitabu chao cha Domesday, kilichoandikwa mwaka 1086 kuorodhesha ardhi na mali za nchi. Wakakusanya picha na maelezo ya maelfu ya watu, wakayaweka katika santuri za leza zilizohitaji mashine ya pekee kuzisoma. Haikupita miaka 20, mashine zile zikawa adimu kama jino la kuku, na ikabidi wataalamu wafanye kazi ya kuziokoa. Wakati huohuo kitabu cha mwaka 1086, kilichoandikwa juu ya ngozi, kilikuwa kinasomeka kama kawaida. Kisichonakiliwa hufa pamoja na chombo chake, hata kama chombo ni cha fahari.

Na huku kwetu mlimani tunao mfano ulio bora zaidi. Mwanzoni mwa karne ya 20 Nathaniel Mtui, mwalimu wa Marangu, aliandika historia ya Wachagga katika madaftari. Daftari ni karatasi. Mchwa anaiweza, moto unaiweza, mvua inaiweza. Lakini maandishi yake yalisomwa na kutumiwa na waliokuja baada yake, na Kathleen Stahl alipotoa kitabu chake cha historia ya Wachagga mwaka 1964, ya Mtui yalikuwa miongoni mwa aliyoyategemea. Mwalimu yule alikuwa amekwisha kufariki siku nyingi. Madaftari yake yaliishi kwa sababu yalitoka mkono mmoja kwenda mwingine. Laiti yangekaa katika sanduku moja, yakamngoja fundi!

Hapa nataka kuligusa neno lenyewe, maana upotofu huanzia kwenye maneno. Tunasema “kuhamisha data” kutoka laptopu ya zamani kwenda mpya. Neno hilo linadanganya. Anayehama huacha nyumba tupu nyuma yake. Ukihamisha faili kwa kulikata na kulibandika, na umeme ukakatika katikati, au waya ukachomoka, unaweza kujikuta huku halipo na kule halijafika. Data hazihamishwi, hunakiliwa. Ya zamani unaiacha kama ilivyo, unanakili, unahesabu, unafungua moja moja, na ya zamani unaendelea kuitunza. Mkulima hachomi mbegu zote za zamani kwa sababu amepanda mpya.

Hivyo ndivyo tulivyofanya mimi na mpwa wangu, Jumamosi moja mwishoni mwa Novemba, juu ya meza ileile. Tulichukua bisibisi ndogo, tukafungua kifuniko cha chini, skrubu mbili, na diski ikachomoka kama droo. Ni kitu kidogo kuliko kiganja. Laptopu mpya haikuwa na nafasi ya diski ya umbo lile, kwa hiyo tukaiingiza ile ya zamani katika kasha la plastiki lenye waya wa USB, tukaichomeka. Ikaanza: tik, tik. Tukangoja. Mke wangu alizima redio bila kuambiwa.

Ilipojitokeza kwenye kioo, mpwa wangu alitaka kuvuta vitu vyote kwa mkupuo. Nikamzuia. Mgonjwa mahututi humwachi aeleze habari za dunia nzima. Unamwuliza wosia kwanza. Tukaanza na mafaili 23 ya mama, kisha picha, kisha hati, na mitihani ya kidato cha pili ikawa ya mwisho. Diski yenye afya, kwa waya wa kawaida, ingenakili gigabaiti 180 kwa saa mbili hivi. Yetu ilitumia mchana kutwa na sehemu ya usiku, ikisimama na kuendelea, ikisimama na kuendelea. Saa moja jioni umeme ukakatika, na kwa kuwa laptopu mpya ina betri, kazi ikaendelea gizani, taa ndogo ya kasha ikipepesa kama kijinga cha moto kwenye majivu.

Usiku tulihesabu. Yalifika mafaili 23. Lakini kuhesabu si kusikiliza, nami sikukubali kulala kabla ya kufungua kila moja. Ishirini na mawili yalisema tangu mwanzo hadi mwisho. Faili la 14 lilifika dakika ya 19, likakata. Tulijaribu tena na tena, kwenye diski yenyewe na kwenye nakala; mahali pale palikuwa pameoza. Ni pale mama alipokuwa akitaja watoto wa bibi yangu waliokufa wachanga. Anataja wa kwanza, anataja wa pili, anavuta pumzi, kisha ni kimya. Walikuwa watano. Majina matatu hayapo tena duniani, maana aliyeyajua mwisho ni yeye, na aliyepewa kuyatunza ni mimi.

Nikasikia mke wangu akisema polepole: “Angalau mawili tunayo.” Ni kweli, na ninashukuru. Lakini nisidanganye watu kwamba mambo yaliisha vizuri. Yangeisha vizuri kama ningenunua diski ya pili mwaka 2015, kwa fedha ambayo ningeitumia kwenye sherehe moja.

Wakati wa Krismasi, ukoo ulipopanda mlimani kama ilivyo desturi yetu, tulikuwa na kikao kuhusu mpaka wa upande wa chini, uliotusumbua kwa muda. Niliweka laptopu mpya juu ya kiti, katikati ya wazee, nikafungulia faili la sita. Sauti ya mama ikaeleza masale yalipo na mfongo ulikopita. Siwezi kusema ubishi uliisha. Mzee mmoja alisema kwamba mama alikuwa upande wetu siku zote, na hakukosea. Lakini walinyamaza wote walipoisikia, na baada yake walizungumza kwa sauti ya chini zaidi. Watoto wa mjini, ambao Kichagga kinawapiga chenga, waliomba iwekwe tena. Mmoja wao akaanza kuuliza maana ya neno hili na lile. Hilo sikulitegemea.

Sasa nakala ziko tatu. Moja iko katika laptopu mpya, hapa Soweto. Ya pili iko katika diski ya nje kwa binti yangu, Dar es Salaam, mbali na moto wangu na mwizi wangu. Ya tatu iko kwa mdogo wangu Kibosho. Usione ni woga. Mwaka 1998, huko Marekani, studio ya Pixar iliyokuwa ikitengeneza filamu ya Toy Story 2 ilifuta kwa bahati mbaya sehemu kubwa ya kazi yake, na akiba waliyoitegemea ikaonekana mbovu. Kilichowaokoa ni nakala iliyokuwa nyumbani kwa Galyn Susman, mfanyakazi wao aliyekuwa akifanyia kazi nyumbani baada ya kujifungua. Kampuni yenye fedha na wataalamu wote wale iliokolewa na nakala iliyokuwa nyumba nyingine. Sisi tunajiamini kwa lipi?

Na diski ya zamani? Ipo. Haikutupwa, haikuuzwa, haikupunguziwa bei. Nimeifunga katika kitambaa, nikaiweka kabatini, huenda ikatokea siku mtaalamu mwenye vyombo vya kusoma pale palipooza. Sanduku lenyewe, bila diski, nimempa kijana wa jirani anayejifunza ufundi. Nimempa kwa sharti moja, kwamba kila mteja atakayemletea mashine, kabla hajashika bisibisi, amuulize ndani kuna nini na nakala yake iko wapi. Alicheka kidogo, kisha akaniambia: “Sawa, mwalimu.” Nitapita siku moja kama mteja, nione kama atauliza.

Nawe, ndugu msomaji, usingoje kununua mashine mpya. Fungua ya zamani jioni hii. Kuna sauti humo, au sura, au barua, iliyo mahali pamoja tu duniani. Inakili kwanza. Kisha uzungumze habari za kutupa.